Gari Lililojengewa Ukuta Mjini Jinja

Mji wa Jinja, ulioko kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Kampala, unajulikana kwa wengi kwa mambo mawili. La kwanza ni Mto Naili, ambao hapo ndipo unapoagana na Ziwa Viktoria na kuanza safari yake ndefu ya kuelekea Misri. La pili ni bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza mwezi Aprili mwaka 1954, na ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Mgeni akifika hupelekwa moja kwa moja mtoni, akaonyeshwa mahali ambapo palikuwa na maporomoko aliyoyaona Mwingereza Speke mwaka 1862, kisha akaelezwa kwamba maporomoko yenyewe hayapo tena kwa kuwa yalizama bwawa lilipojaa. Hupigwa picha, akauziwa soda kwa bei ya kitalii, akarudi kwao akiamini kwamba ameiona Jinja.

Mimi ninalotaka kumweleza msomaji haliko mtoni. Liko nyuma ya ile barabara kubwa iitwayo Main Street, katika vichochoro vya maghala. Ukiinua macho katika barabara hiyo utaona kwamba majumba yake yana vipaji vya nyuso, na juu ya kila kipaji umeandikwa kwa saruji mwaka wa kujengwa na jina la aliyejenga. Aghalabu majina hayo ni ya Kihindi. Ni kumbukumbu ya enzi ya pamba na sukari, Jinja ilipokuwa mji wa viwanda na wafanyabiashara wa Kiasia walipokuwa wengi kuliko ilivyo sasa. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwatangazia siku 90 za kuondoka nchini. Waliondoka. Walichoweza kuchukua kilikuwa kidogo. Majumba, maduka, mashine na magari yalibaki, na mengi yakagawiwa au yakapotea. Hivyo katika mji huu hadithi ya kitu kilichoachwa ghalani si ajabu. Lililo ajabu ni kitu hicho kutoka tena kikiwa kinakwenda.

Gari ninalolisimulia halikuwa la Mhindi, ingawa ghala lililolihifadhi lilikuwa la Mhindi. Lilikuwa la afisa mmoja wa ushirika, Mgisu wa Mbale, aliyekuwa akifanya kazi Jinja, na alilinunua kwa mkono wa pili mwaka 1968 kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akirejea kwao. Ni gari la Kiingereza la michezo, aina ya MGB, la mwaka 1965. Msomaji ambaye hajapata kuliona na afikirie gari dogo la viti viwili, fupi kwa kimo kiasi kwamba mtu mzima akisimama kando yake huliona kwa juu kama anayetazama mtumbwi; halina paa isipokuwa turubai la kukunja, na boneti yake ni ndefu kuliko nafasi ya kukaa watu. Magari haya yaliundwa katika mji wa Abingdon tangu mwaka 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, na injini yake ni ya silinda nne zenye ujazo wa sentimita 1,798. Likiwa zima hupita kilomita 160 kwa saa. Katika barabara za Busoga za wakati ule sijui nani aliyehitaji mwendo huo, lakini vijana wana haki ya kupenda, na yule afisa alikuwa kijana.

Tusisahau pia kwamba hizo ndizo zilikuwa siku za Mbio za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965, mwaka lilipoundwa gari letu, mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya akiendesha Volvo. Na mwaka 1973 alishinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye jamaa zake walikuwa ndio kwanza wamefukuzwa katika mashamba yao ya miwa. Watoto wa miji hii walipanda miti kando ya barabara kuangalia vumbi likipita. Mtu aliyekuwa na MGB mjini Jinja, basi, hakuwa na usafiri tu, bali alikuwa na jina.

Mwanzoni mwa mwaka 1979, vita vilipokuwa vikisogea kutoka mpaka wa kusini, askari waliokuwa wakirudi nyuma walianza kunyang'anya magari. Yule afisa hakungoja kufikiwa. Usiku aliliingiza gari lake katika pembe ya ghala alilokuwa amelipanga, akalitoa magurudumu, akaliweka juu ya magogo, kisha yeye na fundi mwashi wakajenga ukuta wa matofali mbele yake na kuupaka chokaa iliyochanganywa na masizi ili ufanane na kuta nyingine. Askari waliingia ghalani, wakachukua magunia, wakaondoka. Mwezi Aprili majeshi ya Tanzania yakafika Jinja na kulishika daraja la bwawani likiwa zima. "Watu wa kwenu walipita pale," niliambiwa na mzee mmoja akinyoosha kidole upande wa mtoni, "nasi tulikuwa tumekaa juu ya siri yetu."

Utauliza, kwa nini ukuta haukubomolewa mwaka huohuo? Kwanza hapakuwa na petroli. Kisha hapakuwa na vipuri. Kisha kukawa na vita vingine, na baada yake ada za shule za watoto sita. Mwenye gari akastaafu akarudi Mbale, akiendelea kulipa pango la pembe ile mwaka hadi mwaka. Katika miaka ya 1990 serikali ilipowarudishia Waasia mali zao, mwenye ghala alirejea kutoka Uingereza, akaelezwa kilichoko nyuma ya ukuta, akacheka, akasema kikae. Naam, kikakaa. Afisa alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana mwenye ghala, ambaye sasa ni mtoto wa yule aliyerudi, alitoa taarifa kwa adabu kwamba anataka kulikarabati jengo lote, hivyo ukuta utabomolewa.

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Watoto wa marehemu waligawanyika. Kaka mkubwa alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi kutoka Nairobi, mji ambao tangu mwaka 1970 una mashindano ya kila mwaka ya magari yaliyotunzwa vizuri, na ambako watu wenye fedha huyatafuta magari kama haya. Binti wa tatu, ambaye ni muuguzi, hakutaka hata kusikia. Mjane, mama wa miaka 80 na ushei, aliwasikiliza wote, kisha akatoa hukumu ambayo hakuna aliyeitazamia. Alisema: gari liletwe Mbale. Likija kwa nguvu zake lenyewe, litabaki nyumbani. Likishindwa, hata kama ni kwa kuvutwa kamba kilomita moja, basi kijana auze na wagawane. Wala lisije limepakiwa juu ya lori kama mgonjwa. Akawapa muda hadi Sikukuu ya Krismasi.

Nimeyapata haya yote kwa sababu dada yangu ameolewa Jinja, na shemeji yangu ni fundi katika gereji iliyopewa kazi hiyo. Mimi ni mtumishi wa ofisi ya elimu huko kwetu ng'ambo ya mpaka, na likizo yangu niliigawa mara mbili, Juni na Desemba, ili nione mwanzo na mwisho. Mwenye gereji ni mzee wa miaka 73. Nilimwamkia shikamoo, naye akanitazama kama mtu aliyetupiwa kitu kizito bila kuambiwa mapema. Uganda salamu hiyo haina wenyewe wengi. Tukaelewana kwa "habari za kazi". Yeye aliniita Mwalimu tangu siku hiyo, nami nikamwita Mzee.

Mzee alianza kama spanaboi mwaka 1967 katika gereji ya Kalasinga mmoja mjini hapa. Mwajiri wake alikuwa mkali, asiyeruhusu nati ikazwe kwa koleo, na alilipa kila Jumamosi bila kukosa. Alipoondoka mwaka 1972 alimwachia sanduku la vyuma lenye spana zake zote, akamwambia azitunze mpaka atakaporudi. Hakurudi. Sanduku hilo lilikaa chini ya kitanda cha Mzee kwa zaidi ya miaka 50, likipakwa oili kila baada ya msimu wa mvua, na ndilo lililookoa kazi hii. Sababu yake ni kwamba nati za gari la Kiingereza la zamani hupimwa kwa inchi, ilhali spana za mafundi wa leo, waliozoea Toyota, ni za milimita. Spana ya milimita hukaribia kuingia lakini haikai sawasawa. Ukiilazimisha huiviringa nati pembe zake, na kazi ya dakika moja huwa ya siku nzima. Nilimwona shemeji akifungua sanduku lile kwa mara ya kwanza. Alizitoa spana moja moja, akazilaza juu ya gunia kwa kufuata ukubwa, wala hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Ukuta ulibomolewa asubuhi moja ya Juni. Gari lilikuwa la rangi nyekundu iliyogeuka kahawia kwa vumbi. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani ya bomba la ekzosi, panya walikuwa wamegawana kiti cha abiria, na mipira yote, ya madirisha, ya maji na ya breki, ilivunjika kama biskuti ulipoigusa. Lakini juu ya usukani palikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake daftari la shule. Marehemu alikuwa ameandika kwa hati safi ya afisa wa zamani kila alichokifanya usiku ule: betri zimetolewa, maji yamemwagwa, kila silinda imetiwa vijiko viwili vya oili kupitia tundu la plagi, klachi imekandamizwa kwa gogo ili bamba lake lisigandamane, tangi lina galoni mbili, sikupata muda wa kuzitoa. Mzee aliusoma ukurasa ule mara mbili, akaniambia kwamba nusu ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa mwaka 1979.

Hapa ningependa kuwaambia wasomaji wenye gari, pikipiki au mashine ya kusaga iliyolala miaka mingi, maana wako wengi. Tamaa ya kwanza ya kila mtu ni kuunganisha betri na kuwasha asikie. Huko ni kuua. Pistoni iliyokauka ikisukumwa kwa mota hukwaruza silinda, vali iliyoganda hupinda, na uchafu uliotulia chini ya tangi hukimbilia kwenye kabureta. Mzee hakugusa betri kwa majuma manne. Alitoa plagi, akatia tena mchanganyiko wa oili na mafuta ya taa, akaacha juma zima. Kisha akaweka spana ya mkono mrefu kwenye nati ya mbele ya krankishafu, akasukuma kwa kiganja tu. Haikwenda. Akarudi nyumbani kula. Siku ya tatu ilikwenda robo ya mzunguko, siku ya tano ikazunguka yote, isipokuwa vali mbili zilizobaki zimeng'ang'ania. Hapo akafungua kichwa cha injini.

Kufungua kichwa kulikuwa na faida nyingine. Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya petroli iliyotiwa risasi, na risasi ile ilikuwa kama mto laini kati ya vali na kiti chake. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwisho wa mwaka 2005, na vyema, kwa kuwa risasi ni sumu kwa ubongo wa watoto. Hata hivyo, injini ya kale yenye viti vya chuma cha kawaida, ikienda mbio kwa petroli ya sasa, hujila yenyewe kidogo kidogo. Kichwa kikapelekwa Kampala katika karakana ya kuchonga vyuma, kikawekewa viti vya chuma kigumu, kikarudi baada ya siku tisa kikiwa kimefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga.

Tangi lilikuwa jambo la hatari. Zile galoni mbili zilikuwa zimegeuka gundi yenye harufu ya vanishi, na chini palikuwa na vitundu. Kijana mmoja wa jirani alikuja na mtungi wa gesi tayari kuchomelea. Mzee alimfukuza kwa sauti ambayo sikudhani anayo. Tangi la petroli, hata likiwa tupu kwa miaka, hubaki na mvuke, na mvuke ukikutana na moto tangi hugeuka bomu. Mafundi waliokufa kwa namna hiyo wapo katika kila mji. Tangi lilioshwa kwa maji ya moto na sabuni siku tatu, likajazwa maji mpaka karibu na mahali pa kuziba, ndipo Mzee akaziba kwa lehemu, akitumia chuma cha shaba kilichopashwa kwenye jiko la makaa, bila mwali hata mmoja.

Umeme nao ulikuwa na mtego. Katika magari tunayoyajua, upande wa hasi wa betri ndio unaoshikizwa kwenye bodi. MGB za kabla ya mwaka 1967 ni kinyume: chanya ndiyo iliyo kwenye bodi, na badala ya betri moja zina mbili ndogo za volti sita nyuma ya viti. Fundi wa umeme wa siku hizi akiunganisha kwa mazoea anaweza kuharibu dainamo na saa za dashibodi kabla hajafuta jasho. Mzee alichukua rangi akaandika alama ya kujumlisha juu ya chuma cha bodi, kubwa kama sahani.

Lakini kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya bodi. Gari hili halina chasisi; nguvu yake yote imo katika mabati ya sakafu na yale mabomba bapa yapitayo chini ya milango. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeyala mabomba hayo upande wa kushoto. Na kwa kuwa gari halina paa la kulishika juu, ukikata bati la chini bila kulitegemeza, gari zima hujikunja katikati kama chaki, na milango haitafungika tena daima. Shemeji alichomelea pau za chuma kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, mlango ukiwa umefungwa, ndipo akaanza kukata sentimita chache, akajaza, akangoja ipoe, akaenda sentimita nyingine. Mwezi wa Agosti na Septemba yote iliishia hapo. Kaka mkubwa alipita siku moja kutoka Kampala, akatazama pau zile, akauliza bei za bati, akasema mnunuzi wa Nairobi angelichukua gari hata lilivyo. Hakujibiwa na mtu. Kabla hajaondoka alifungua mlango wa kulia, akaufunga taratibu, akaufungua tena.

Vipuri vidogo viliagizwa Uingereza, ambako magari haya bado yana mashabiki wengi, na kwa hiyo mipira ya breki, hosi, platini na pampu ya maji hutengenezwa hadi leo. Matairi yalipatikana papa hapa, maana inchi 14 ni kipimo kilichozoewa. Breki Mzee alizifanya peke yake. Gari la mwaka 1965 lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, hubaki na breki ya mkono na sala. Alibadili kila bomba la chuma kwa la shaba, kila raba kwa mpya, akamwomba shemeji akanyage pedali kwa nguvu zake zote na kushikilia kwa dakika kumi huku yeye akipapasa kila kiungo kwa karatasi nyeupe kutafuta unyevu. Ilipowashwa mara ya kwanza, mwezi Novemba, sikuwapo. Dada yangu alinipigia simu akaielekeza upande wa gereji, nami nikasikia kitu kama mtu mnene anayekohoa, kisha akatulia na kuanza kuzungumza.

Tuliondoka Jinja tarehe 20 Desemba kabla ya jua kupanda, ili injini ipate hewa ya baridi. Mzee alishika usukani, mimi nikaketi kando yake, na nyuma yetu walikuja shemeji na yule binti muuguzi kwa gari la mizigo lenye vifaa, maji, na kamba ambayo kila mmoja aliiona na hakuna aliyeitaja. Tulipita Bugembe, tukafika Kakira, ambako miwa huanza na haitaki kwisha. Ukiwa katika gari fupi namna ile miwa inakuwa kama kuta mbili na anga ni utepe. Matrekta yenye matela ya miwa yalitupita upande wa pili yakitumwagia majani makavu mapajani. Kasi yetu ilikuwa kilomita 60 kwa saa. Mzee hakutazama mandhari. Macho yake yalikwenda kwenye barabara, kipimo cha joto, kipimo cha oili, kisha barabara tena, kwa utaratibu wa mtu anayehesabu tasbihi.

Iganga tulisimama kuongeza maji, na kundi la vijana wa bodaboda likatuzunguka. Waliuliza kama gari ni la Kichina, na kama linatumia betri. Mmoja akauliza limepunguzwa na nani. Baada ya mji tukaiacha barabara kuu ya Tororo na kushika mkono wa kushoto, njia ya Tirinyi, ambayo ni fupi zaidi kwa mwenda Mbale. Nchi hapo ni tambarare, nyumba zimekaa mbali na barabara, na kila baada ya kitambo mama amekaa na fungu la viazi vitamu au maembe. Matuta ya kupunguza mwendo ndiyo yaliyokuwa adui yetu. Gari lile liko karibu na ardhi kuliko heshima inavyoruhusu, na kila tuta tulilivuka kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine.

Tulipokuwa tukiteremka kuelekea kwenye bwawa la mafunjo la Mto Mpologoma, ambao jina lake lina maana ya simba, injini ilivuta pumzi mara mbili ikazima. Mzee aliliacha gari likatelezea hadi kando. Kimya kikaingia, na sauti za vyura wa kwenye mpunga zikasikika zote kwa pamoja. Gari la mizigo lilisimama nyuma yetu. Binti akashuka, akaitazama kamba, akatazama pembeni. Mzee alifungua swichi bila kuwasha injini, akainamisha kichwa. "Sikiliza, Mwalimu," akasema. Sikusikia kitu. "Ndiyo. Ilipaswa kusema tik-tik-tik." Pampu ya petroli ya gari hili ni ya umeme, nayo hukaa chini, karibu na gurudumu la nyuma la kulia, ikifanya kazi kwa platini ndogo zinazogusana na kuachana. Platini zikipata uchafu hugoma. Mzee wa miaka 73 alilala chali juu ya lami, akaingia chini ya gari mpaka kiunoni, akachukua spana ndefu ya yule Kalasinga, akaigonga pampu mara tatu, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Tik, ikajibu. Tik-tik-tik-tik.

Alitoka akijipangusa, akasema kwamba platini hizo atazisugua kwa msasa tukifika, ila kwa sasa itatosha. Ikatosha. Kutoka hapo mpaka Kamonkoli hakuna aliyesema neno, na mimi nilikuwa nikiisikiliza ile pampu kila Mzee alipopunguza mwendo.

Anayekwenda Mbale kwa njia ya Tirinyi huonyeshwa mji kabla hajaufikia. Kwanza huona mstari wa buluu ambao huudhania wingu. Kisha mstari unapata kingo, na kumbe ni jabali la Wanale, ukuta wa mawe unaosimama juu ya mji, na nyuma yake Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, wenye kimo cha mita 4,321. Wakati wa mvua maporomoko membamba huning'inia juu ya jabali hilo kama nyuzi nyeupe. Mbale, mji uliokua juu ya kazi ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, zamani ulisifiwa kwa usafi kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki. Sifa hiyo imechakaa, na mafuriko ya mwisho wa Julai mwaka 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo zake usiku na kuua watu, yaliongeza majeraha. Lakini mpangilio wa barabara bado ni mzuri, mnara wa saa upo, na hewa ya mlimani ni dawa kwa mtu aliyetoka Jinja. Kahawa ya Arabika ya miteremko hii ndiyo iliyojenga Chama cha Ushirika cha Bugisu tangu mwaka 1954, na ndiyo iliyowalipia ada wengi wa kizazi cha marehemu.

Kamonkoli nilihama, nikampisha binti kiti. Ilikuwa haki yake kuingia na gari la baba yake. Nikiwa nyuma katika gari la mizigo niliwaona watu wakisimama kando ya barabara. Wazee wawili katika kituo cha petroli walivua kofia, na mmoja akalikimbilia gari hatua chache akiita jina la marehemu.

Nyumba iko upande wa chini ya Wanale, na njia ya kuifikia ni ya mlima. Gari lilipanda kwa gia ya kwanza, polepole, mshale wa joto ukiwa juu lakini si penye rangi nyekundu. Mama alikuwa amewekewa kiti barazani. Hakusimama. Mzee alilisimamisha gari mbele yake, akataka kuzima injini, naye akamnyooshea mkono asizime. Akasikiliza kwa muda. Kisha akasema kwa Kigisu jambo ambalo binti alinitafsiria: zamani ilikuwa na sauti nene zaidi. Mzee akamjibu kwa heshima kwamba ekzosi ni mpya, itakuja kukomaa. Mama akauliza: "Mmevuta?" Shemeji akaenda akaitoa ile kamba garini, akamwonyesha: bado ilikuwa na fundo la dukani.

Tulikula malewa yaliyopikwa kwa karanga, pamoja na ndizi. Kaka mkubwa alifika saa tisa kutoka Kampala, akalizunguka gari mara moja bila kuligusa, akaenda kando ya kichaka kupiga simu. Haikuwa simu ndefu. Aliporudi alikuta Mzee amefungua boneti, ameweka ncha ya mpira mwembamba kwenye tundu la kabureta ya kwanza na ncha nyingine sikioni, akilinganisha mvumo wake na wa kabureta ya pili, kwa kuwa injini ile ina mbili na lazima zivute hewa sawasawa. Kaka akavua koti. Akauliza unasikiliza nini hasa. Mzee akampa mpira.

Mimi niliondoka asubuhi yake kwa basi la Tororo. Mzee alibaki siku mbili zaidi, kwa ajili ya platini za pampu na breki ya mkono, ambayo haikumridhisha kwenye ule mteremko wa nyumbani.